Upande Upepo Unakotoka

Noelie Solet alikuwa akimwaga barafu kwenye sanduku la samaki, huku mumewe Alcide akikagua injini. Boti yao ilifungwa mbele ya nyumba. Nyumba yenyewe ilisimama juu ya nguzo ndefu, kama nyumba zote zilizobaki katika kijiji cha wavuvi cha Pointe-aux-Chênes. Zamani nyuma yake palikuwa na malisho ya ng'ombe. Sasa palikuwa na maji ya chumvi, na mialoni michache iliyokufa ikiwa imesimama.

"Ndugu yangu yuko wapi?" Alcide aliuliza.

"Anakuja. Nimemsikia akiimba."

Roch, mdogo wake Alcide, alitokea kwenye ubao wa gati na buti zake za njano. Hakuwa na mke. Alikula kwao, akavua nao, na alichelewa kila siku.

"Shemeji," alisema, "hiyo barafu ni ya samaki au ya bia?"

"Ya samaki."

"Basi samaki wenu wanalala pazuri kuliko mimi."

"Samaki hawachelewi kazini," Noelie alimjibu. "Ingia."

Walishuka na mfereji mpaka baharini, kisha wakaenda mpaka nchi kavu ikapotea machoni. Huko lilisimama jukwaa moja la mafuta, la zamani, lenye kutu kila mahali. Wavuvi waliliita Kikongwe. Hakuna mtu aliyekaa juu yake. Wafanyakazi walikuja kwa helikopta mara moja moja, wakafungua hiki, wakafunga kile, wakaondoka. Lakini chini ya miguu yake ya chuma palikuwa na kivuli na chaza, na changu wekundu walijaa.

Roch alirusha kulabu. Ilikuwa kulabu kubwa ya chuma, yenye kamba nene. Ikashika kwenye chuma cha jukwaa, na boti ikaelea mwisho wa kamba yake.

Walifunga upande ule upepo unakokwenda. Wavuvi wote wa pwani hiyo hufunga hivyo. Upepo huisukuma boti mbali na jukwaa, na boti haigongi vyuma. Alcide alifundishwa na baba yake, na baba yake alifundishwa na wenzake. Kwa boti, ilikuwa njia sahihi. Hakuna aliyewahi kuuliza kama ilikuwa sahihi kwa mapafu.

Siku hiyo upepo ulikuwa kidogo sana. Kulikuwa na harufu kama ya kituo cha petroli.

"Harufu ya mshahara," alisema Alcide. Baba yake alikuwa akisema vivyo hivyo.

"Mshahara wa nani?" Noelie aliuliza. "Mimi sijauona."

Kufikia adhuhuri kichwa kilikuwa kikimgonga Noelie. Roch alianza kucheka bila sababu. Alicheka ndoano, akacheka chambo, akacheka kofia ya kaka yake. Halafu akatapika baharini, akajilaza karibu na jiko la gesi ambalo juu yake wali ulikuwa ukiiva.

"Jua," alisema Alcide. "Jua, na bia za jana."

"Sikunywa jana," Roch alisema akiwa amefumba macho.

Noelie alitazama juu. Karibu na matangi ya jukwaa, hewa ilikuwa ikitetemeka, kama inavyotetemeka juu ya jiko. Lakini pale hapakuwa na moto.

Waliporudi, upepo uliwapiga usoni njia nzima. Kabla hawajaona nchi kavu, kichwa cha Noelie kilikuwa kimepona. Roch aliketi na kuomba chakula. Noelie alilitazama jua. Lilikuwa kali vile vile. Kama jua ndilo lililowaumiza, mbona liliwaacha ghafla hivyo?

*

Jirani yao Zelia Billiot aliketi chini ya nyumba yake, katikati ya nguzo, akisafisha kaa. Alikuwa amefanya kazi kwenye majukwaa ya mafuta miaka mingi, akifungua na kufunga valvu na kupima matangi. Kisha kampuni ilipunguza watu, naye akapunguzwa. Noelie alivuta kiti, akachukua kisu, akamsaidia kazi huku akimweleza.

Zelia aliacha kusafisha.

"Mlifunga upande gani?"

"Ule ule wa siku zote."

"Yaani mlikaa mkingoja kila kinachotoka mle kiwashukie."

"Kinatoka nini, dada? Hakuna moshi pale."

"Ungekuwa moshi ungeuona. Sikiliza. Mafuta yakitoka chini ya bahari, huja na gesi. Jukwaa kubwa likiwa na bomba la kufika pwani, gesi hupelekwa ikauzwa. Lingine huichoma, ndiyo ile miali unayoiona mbali. Na mashine zao hutoa moshi. Lakini haya ya zamani, gesi ikiwa kidogo, huachiwa tu hewani bila kuchomwa. Ukiongeza na mvuke unaotoka kwenye matangi, hasa kifuniko kikiwa kibovu, basi. Haionekani kwa macho. Kamera maalumu ndiyo inayoiona."

"Lakini tuko nje. Hewa tele."

"Upepo ukiwepo, ndiyo. Gesi nyepesi hupanda, huenda zake. Mvuke wa tangi ni mzito kuliko hewa. Siku isiyo na upepo hushuka, ukalala juu ya maji, pale pale mlipo. Kwanza kichwa. Halafu unakuwa kama mlevi. Unacheka."

"Roch alicheka."

"Halafu usingizi. Halafu moyo." Zelia alichukua kaa mwingine, lakini hakumsafisha. "Mlikuwa na jiko?"

"Tulipika wali."

"Mungu anawapenda, basi. Cheche moja ingewatosha."

Noelie aliweka kisu chini. Kisha akauliza jambo alilotaka kuuliza tangu aketi. Baba mkwe wake alikufa kwenye boti, chini ya Kikongwe, mshipi mkononi, siku ambayo bahari ilikuwa shwari. Daktari alisema ni moyo.

"Dada Zelia. Baba yao?"

"Sijui," alisema Zelia. "Siwezi kukuambia ndiyo, siwezi kukuambia hapana. Hakuna aliyepima. Alikuwa mzee, alikuwa mvuvi, wakaandika moyo, wakaenda kula."

Alimfundisha yote aliyoyajua. Ukikaribia jukwaa, kaa upande ule upepo unakotoka, na kaa mbali. Siku isiyo na upepo, usiende kabisa. Usipike, usivute sigara. Pua usiiamini, maana ikizoea harufu haikwambii kitu tena. Kichwa kikianza kuuma, ondokeni. Usipande ngazi ya jukwaa kwa sababu yoyote.

"Na mtu akianguka juu kule, usimfuate," alisema. "Hili ndilo gumu. Nilikuwa kazini watu wawili walipomfuata mwenzao kwenye tangi. Tulitoa watatu."

"Nimwache tu?"

"Unazima kila moto, unatoka kwenye hewa ile, unaita wenye mitungi ya hewa mgongoni. Ukimfuata, utalala karibu naye tu."

*

Alcide alisikiliza yote mezani, akitafuna polepole.

"Zelia alifukuzwa kazi," alisema. "Ana hasira na kampuni."

"Na wewe huna?" Noelie aliuliza. "Maji yamefika nyuma ya nyumba yako. Zelia anasema gesi hiyo isiyochomwa hushika joto angani kuliko hata moshi. Bahari inapata joto, inapanda. Walichimba mifereji yao wakaikata nchi yetu vipande, na sasa wanaachia gesi ili bahari ije kuchukua vilivyobaki. Na wewe unaiita harufu ya mshahara."

"Nitavua wapi? Niambie. Kwenye beseni?"

"Upande mwingine."

"Upande mwingine boti inagonga vyuma."

"Basi tusifunge. Tutie nanga mbali."

"Baba alifunga pale maisha yake yote."

Roch alisogeza sahani yake.

"Tuelewane hivi," Roch alisema. "Mimi nitavuta pumzi nusu nusu. Kaka atavuta zilizobaki. Shemeji atashika saa."

Alcide alicheka kidogo. Wakakubaliana kuwa hawatapika tena chini ya jukwaa, na kwamba mtu akiumwa kichwa wataondoka. Noelie alijua hayo hayatoshi. Lakini alikuwa amechoka kubishana, na jambo la nusu likaonekana afadhali kuliko kukosa yote.

*

Safari iliyofuata bahari ilikuwa imelala. Haikuwa na hata kikunjo. Noelie alisema, "Leo hakuna upepo. Turudi." Alcide alisema wameshafika, wachukue samaki wachache tu.

Harufu ilikuwa kali walipofunga. Baada ya muda, Noelie hakuisikia tena. Akakumbuka maneno kuhusu pua, akashika paji la uso wake. Kichwa kilikuwa kimeanza.

"Tunaondoka," alisema. "Mlikubali."

Alcide alimtazama, akavuta mshipi wake. "Haya. Roch, fungua."

Roch alivuta kamba. Akaitikisa. Kulabu ilikuwa imebana katikati ya vyuma.

"Ikate," alisema Noelie.

"Hii?" Roch aligeuka. "Shemeji, hii aliifua baba kwa mkono wake. Kila kitu chake kingine kimechukuliwa na kimbunga. Siiachi."

"Roch, usipande."

"Nashika, navuta, nashuka. Hata hutamaliza kunisema."

Alikuwa ameshashika ngazi. Alipanda haraka mpaka kwenye sakafu ya chini ya jukwaa, ile ya vyuma vyenye matundu, chini kidogo ya matangi. Aliinama juu ya kulabu. Walimsikia akiigonga kwa kiganja.

"Imetoka?" Alcide aliita.

"Subiri," alisema Roch. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayejiuliza, "Hapa juu kuna..."

Akaketi. Aliketi kama mtu aliyechoka. Halafu akalala ubavu. Buti moja la njano likaning'inia nje ya ukingo.

Alcide alirukia ngazi. Noelie alimshika mkanda wa suruali kwa mikono yote miwili, akakaa chini kwa uzito wake wote.

"Niachie."

"Hapana."

"Ni ndugu yangu."

"Ukipanda utalala pale pale."

"Niachie, mwanamke. Unamwacha afe? Amekula kwako miaka yote, unamwacha afe?" Akamwita jina ambalo hakuwahi kumwita katika ndoa yao. Alimpiga kiwiko begani. Noelie hakuachia. Alcide alivuta pumzi ili apige kelele tena, na magoti yake yakalegea. Yeye mwenyewe alishangaa. Alianguka kwenye sakafu ya boti, akashindwa kusimama.

Noelie alitambaa mpaka mbele. Alichukua kisu cha chambo, akakata kamba.

Hakuwasha injini. Injini ina cheche. Aliacha mkondo wa maji uwachukue, na mkondo ulikwenda polepole mno. Alilitazama lile buti. Alisema kwa sauti, "Roch, amka. Roch, amka, umechelewa." Jukwaa lilisogea mbali kidogo, kisha mbali zaidi. Alipoona maumivu ya kichwa yanaanza kupungua, alichukua redio akawaita walinzi wa pwani. Aliwaambia namba iliyoandikwa kwenye kibao cha jukwaa. Aliwaambia, "Kuna gesi. Waambieni watu wenu waje na mitungi ya hewa. Asipande mtu bila hewa yake."

Walingoja. Alcide aliketi amempa mgongo. Buti la njano halikusogea.

Watu wenye barakoa walipomshusha Roch, alikuwa amekufa.

*

Baada ya mazishi Alcide aliacha kuzungumza na mkewe. Alisema "chumvi" alipotaka chumvi. Alilala kwenye boti. Watu walileta mikate na vyungu vya mchuzi, wakamshika mkono, na wengine walimtazama Noelie kwa namna ambayo hakuhitaji kuelezwa. Alikuwa amekata kamba. Kila mtu mferejini alijua hilo.

Zelia ndiye aliyekuwa amekuja kukaa naye, tangu usiku ule kabla ya mazishi, maiti ikiwa bado hospitalini.

"Daktari ataandika moyo," alisema. "Nenda kabla hajaandika. Waambie alikuwa kwenye gesi. Waambie wapime damu."

Noelie alikwenda. Wakapima. Mvuke wa mafuta ulikuwemo kwenye damu. Safari hii hakuna aliyeandika moyo peke yake.

Kisha akaja mkaguzi wa serikali, mwanamke mpole mwenye kofia mkononi. Alipanda ngazi za nyumba, akaketi mezani. Zelia alikuwepo. Alcide alisimama mlangoni, hakuingia.

"Kifuniko cha tangi moja kilikuwa hakifungi," mkaguzi alisema. "Mpira wake umekwisha kitambo. Mvuke ulikuwa ukimwagika moja kwa moja kwenye sakafu ile ya chini."

"Kwa muda gani?" Noelie aliuliza.

"Hatujui, mama. Pengine mrefu."

"Na bomba lile la gesi? Lile linaloachia?"

Mkaguzi aligeuza kofia mikononi. "Lile wana kibali nalo."

Zelia alicheka kicheko kikavu. "Unaona? Kinachoua kwa haraka ni kosa. Kinachoua polepole kina kibali."

Mkaguzi alisimama aondoke. Kisha akasema, "Waokoaji walinieleza. Vipimo vyao vya gesi vilianza kulia wakiwa katikati ya ngazi. Yeyote ambaye angepanda bila mtungi angebaki kule. Nilitaka mjue."

Alcide aliyasikia hayo. Alishuka ngazi, akaenda kukaa kwenye boti mpaka jua likazama.

*

Kampuni ilifunga Kikongwe, ikabadilisha vifuniko, ikafungua tena. Iliandika kwamba inasikitika. Noelie hakuijibu barua hiyo.

Alifanya jambo lingine. Yeye na Zelia walikwenda boti kwa boti. Walifunga kitambaa chembamba kwenye mlingoti wa kila aliyekubali, ili mtu ajue upepo unakwenda wapi hata ukiwa mdogo. Waliwaonyesha namba ya kupiga ukiona hewa inatetemeka au ukisikia harufu, na wakawaambia wasome namba ya jukwaa kwenye kibao chake, kwa sababu "lile la kutu" si anwani. Baadhi ya wanaume waliwacheka.

"Noelie, sasa utatufundisha kuvua?" mmoja aliuliza.

"Nitakufundisha kurudi nyumbani," alimjibu.

Mwanamume huyo alikuwa na mke aliyelalamika kwamba kila mwisho wa wiki mumewe anarudi kutoka kuvua akiumwa kichwa. Akafunga kitambaa. Baada ya muda, alipiga simu kuhusu jukwaa jingine, wakaguzi wakaenda na kamera yao, wakakuta valvu inavuja. Ikafungwa. Haikuandikwa gazetini. Lakini habari ilipita kwenye mfereji, na vitambaa vikaongezeka kwenye milingoti.

Samaki waliopatikana walikuwa wachache kuliko zamani. Kutia nanga mbali si sawa na kufunga kwenye kivuli. Watu walilalamika. Hata hivyo, walirudi jioni wakiwa na vichwa vizima, na wengi walikuwa wamesahau kwamba inawezekana.

Alcide alirudi kuvua kabla kiangazi hakijaisha. Hakusema kwamba anamtaka mkewe aje. Alisema tu, "Boti inahitaji watu wawili," naye Noelie akaenda. Walitia nanga mbali na Kikongwe, upande ule upepo unakotoka. Walivua bila maneno.

Asubuhi moja boti mpya iliwapita. Ilikuwa na vijana wa mjini, muziki, na jiko la nyama linalotoa moshi. Ilizunguka jukwaa, ikaenda upande ule upepo unakokwenda. Mmoja wao akarusha kulabu, ikashika.

Noelie alimtazama mumewe. Alcide aliweka mshipi chini, akachukua redio.

"Nyie kwenye boti nyeupe. Fungueni hapo. Mko chini ya gesi."

Redio ilikoroma. "Mzee, umeandika jina lako kwenye hicho chuma? Au unatunza samaki wako?"

Wakacheka. Nyuma yao muziki ulisikika.

"Samaki chukueni wote," alisema Alcide. "Njooni nilipo, nitawapa na wangu. Zimeni jiko, mkate kamba, muache maji yawasogeze, ndipo muwashe injini."

"Sisi hatusikii gesi yoyote."

"Ndugu yangu naye hakuisikia." Boti zote za eneo lile zilikuwa kwenye masafa yale yale ya redio, na alijua. Akaendelea. "Alipanda ngazi hiyo mliyo chini yake. Akaketi, akalala, akafa. Mimi nilitaka kumfuata. Mke wangu alinishika mkanda, nikamtukana, nikampiga. Hakuachia. Ndiyo maana leo kuna mtu wa kuongea na nyinyi."

Muziki ulizimwa. Noelie alikuwa ameshika samaki mkononi na hakujua pa kumweka.

Kwenye boti nyeupe mtu mmoja aliinama. Moshi wa jiko ukakatika. Mwingine alifanya kazi mbele na kisu, na kamba ikaanguka majini. Boti ikaanza kusogea na mkondo, polepole, ikitoka chini ya jukwaa.

Alcide alirudisha redio mahali pake.

"Upepo unatoka wapi sasa?" alimwuliza mkewe.

Noelie alitazama juu. "Umegeuka. Unatoka mashariki."

"Basi ng'oa nanga," alisema. "Tuhamie huko."